Jina Lililoitwa Dukani kwa Yakub

Mbinya hakuitika akiitwa na mtu asiyemwona. Kwa miaka kumi na minane ungeweza kusimama nje ya ua wake wa minyaa pale Sultan Hamud, nyuma ya reli, ukaita mpaka koo likauke, na yeye yumo ndani anashona, anakusikia vizuri kabisa, asikujibu. Wageni walisema ana maringo. Wenyeji walijua utaratibu: kwa Mbinya unaingia hadi mlangoni, unasimama mahali jua linapokupiga usoni, ndipo unabisha hodi. Wako waliocheka. Hao wengi hawakuwa dukani kwa Yakub ile Jumamosi ya mwaka wa 1981. Waliokuwepo sijamsikia hata mmoja akicheka.

Lakini tuanze na ulimi wake, maana ndio uliomponza.

Alizaliwa Kanyangi, na akiwa msichana alipelekwa Nairobi kulea watoto wa mhandisi mmoja Mzungu wa reli. Alilea miaka minane. Kiingereza hakukisomea mahali. Kilimwingia tu, kama moshi unavyoingia kwenye nguo za mpishi. Aliporudi aliolewa na kibarua wa reli wa Sultan Hamud, mtu mpole, ambaye alifariki kabla hawajajaliwa mtoto. Akabaki na nyumba ya vyumba viwili, cherehani, na kile Kiingereza.

Kanisani kwao walikuja wahubiri wageni mara kwa mara, na mkalimani wa zamani alikuwa mzee mpenda kufupisha. Mgeni angenguruma dakika tano, jasho likimtoka, naye mzee aseme, "Anasema tuombe." Siku Mbinya alipojaribiwa, watu walishika vichwa. Mhubiri mmoja mzee alimfundisha kazi hiyo kwa maneno machache: mkalimani hana "anasema kwamba". Mhubiri akisema mimi, nawe sema mimi. Akipaza sauti, paza. Akilia, lia. Usiongeze, usipunguze. Mbinya alilishika somo hilo kama amri ya kumi na moja. Alipotafsiri, ungesahau kwamba kuna Mzungu pembeni. Ungedhani ni Mbinya mwenyewe aliyeokoka kutoka kwenye ulevi huko ng'ambo.

Sasa, Yakub. Baba yake alitoka pwani akafungua duka Kitui, na Yakub mwenyewe akahamia huku kwenye barabara ya Mombasa, akauza sukari, vitambaa na mafuta ya taa. Mwaka ule alileta televisheni. Ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya lori, na antena yake iliwekwa juu ya mlingoti mrefu kuliko mnara wa kanisa, jambo ambalo shemasi Mulei hakulipenda. Betri ikiisha ilipelekwa Emali kuchajiwa. Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni duka lilijaa watu, na kwa kuwa mchezo wa kuigiza walioufuata ulikuwa wa Kiingereza, Yakub alimwendea Mbinya. "Mama mkalimani," alimwambia, "hawa watu wanatazama midomo tu inapigapiga. Njoo uwape maneno."

Mbinya akaenda. Na kusema kweli, alipenda. Kanisani alisema maneno ya watu wema tu, na mtu mwenye kipaji huchoka kuwa mwema kila wiki.

Jina halisi la mchezo ule hakuna aliyeshughulika nalo. Wote waliuita Ile ya Sauti. Katika mji mmoja wa baridi, wenye nyumba za mawe, kitu kilikuwa kimeshuka kutoka nyota za mbali. Hakikuwa na mwili. Kilikuwa sauti tupu. Kiliingia kwanza kwenye nyaya za simu, halafu kikatoka kwenye nyaya kikawa kinazunguka nje ya nyumba za watu, kikimwita mtu kwa jina lake, kwa sauti ya mtu anayemjua. Ukinyamaza, kinapita. Ukiitika, kesho yake wanakukuta umeketi kitini, macho wazi, na ndani yako hamna mtu.

Hebu niambie, hapo unamfundisha Mkamba kitu gani? Kila aliyeketi dukani mle alikuwa na nyanya aliyemwonya tangu utotoni asiitike akiitwa na asiyemwona. Kwa hiyo waliogopa mara mbili: waliogopa Sauti yenyewe, na waliogopa kwamba hata Wazungu wanaijua.

Yakub alizima televisheni mara tu mchezo ulipoisha, kuhifadhi betri, na hapo ndipo maoni yalipoanza. Mzee Nzomo, aliyestaafu kazi ya simu ya waya kwenye stesheni, alishikilia kwamba hiyo ni sayansi. "Mimi nimekaa na waya ya reli miaka thelathini," alisema. "Hakuna mtu amebonyeza kitu, na mashine inagonga yenyewe, ta, ta, ta. Nani alikuwa anagonga?"

"Si sayansi," alisema shemasi Mulei, ambaye alikuja, kwa maneno yake, kumjua adui, na kwa sababu hiyo alikaa kiti cha mbele kabisa. "Huyo ni Shetani amepata kibarua Nairobi."

"Ni jini huyo," Yakub alisema akifuta kaunta. "Kwetu tunamjua tangu zamani. Wazungu wamemwona juzi, wanasema ametoka kwenye nyota."

Na Muthoki, aliyeuza mandazi pale nje, hakujali ni jini au ni sayansi. "Mimi napenda kuogopa kitu iko mbali," alisema. "Kuogopa njaa nimechoka."

Shida pekee ilikuwa majina. Watazamaji hawakuweza kuyashika majina yale ya kizungu. Waliulizana katikati ya mchezo ni nani amekufa, yule wa kofia au yule wa mbwa, mpaka Mbinya akapoteza uzi. Basi akafanya kitu ambacho mhubiri wake asingekikubali. Aliongeza. Aliwapa watu wa mchezo majina ya Kikamba. Polisi akawa Muthama. Bibi wa mbwa akawa Mbula. Na kulikuwa na mtoto wa kike aliyepotea msituni wiki ya kwanza na kurudi nyumbani wiki ya tatu. Mkamba atamwitaje mtoto aliyerudi? Jina lilijileta lenyewe. Mbinya akamwita Kasyoka.

Ndila alikuwa jirani yake na rafiki yake. Walichota maji pamoja, waliketi benchi moja kanisani. Ndila alikuwa amezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, na wa tatu alipozaliwa walimpa jina la kumwambia mauti kwamba aliyekwenda amerudi, na safari hii anakaa. Jina hilo ni Kasyoka. Alikuwa na miaka minne mwaka ule. Mbinya alimjua, alimshonea gauni, alimlisha uji kwa mkono wake. Jinsi alivyoweza kulichukua jina lile akalitupa kwenye mchezo bila kumkumbuka, hata yeye hakuweza kueleza. Ndila hakuwa mtu wa kutazama televisheni, labda ndiyo sababu. Kinywa kikishaanza kukimbia, akili huja nyuma kwa miguu.

Jumamosi ile Ndila alikwenda kwa Yakub kununua mafuta ya taa. Alimshika mtoto mkono, akasimama mlangoni nyuma ya watu, akingoja mchezo uishe ahudumiwe. Kwenye kioo ilikuwa machweo. Yule mtoto wa kizungu alikuwa peke yake chumbani, na nje ya dirisha majani yalikuwa yakitikisika bila upepo. Dukani hakuna aliyekohoa. Ndipo Sauti ikaita, na safari hii iliita kwa sauti ya mama yake mtoto, taratibu, kwa upendo.

Mbinya hakusema "inamwita". Alisema kama alivyofundishwa. Alilainisha sauti, akainama kidogo, akaita kwa Kikamba, kama mama anayemwita mwanawe kutoka jikoni.

"Kasyoka. Kasyoka wangu, njoo."

"Eee!" mtoto akaitika mlangoni.

Kilikuwa kitoto chenye adabu. Kiliitwa na mtu mzima, kikaitika. Watu wote waligeuka. Kasyoka alikuwa amesimama pale na gauni lake la maua, anatabasamu, anangoja kuambiwa alichoitiwa. Ndila alimziba mdomo kwa kiganja, lakini mdomo ulikuwa umeshatoa kilichokuwamo. Chupa ya mafuta ikaanguka ikavunjika. Hapo hapo mchezo ukakatika, kama ilivyo desturi ya watu wa televisheni kukata mahali panapouma, na Yakub akazima. Jioni ile hakuna aliyetoa maoni. Walikwenda zao wakiwa wameshikana mikono, na shemasi Mulei alimwomba Mzee Nzomo amsindikize.

Jumatatu Kasyoka alishikwa na homa. Jumatano alikuwa hamjui mama yake.

Ndila alikuja kwa Mbinya asubuhi ya Alhamisi. Hakukaribia kiti. Alisimama uani, macho mekundu, leso imemkaa vibaya kiunoni.

"Mbinya," alisema, "uliita mtoto wangu."

"Ndila, ile ilikuwa televisheni."

"Televisheni inaongea Kizungu. Kasyoka hajui Kizungu. Ni mdomo ya nani ilimwita na Kikamba?"

 Mbinya alimshika mkono, akamwambia mtoto apelekwe hospitali, sasa hivi, malori yanapita, atamlipia. Ndila aliutoa mkono wake.

"Wale wawili nilipeleka," alisema. "Walidungwa sindano, na wakaenda. Huyu haugui, huyu ameitwa na ameitika. Neno ikisemwa mbele ya watu inarudishwa mbele ya watu, na mdomo ile ile. Rudisha, na nitampeleka pahali popote unataka. Usiporudisha, atalala pale alipo."

Aliondoka. Mbinya aliketi chini. Alikuwa na hofu mbili na hakujua ipi ilikuwa kubwa. Ya kwanza ni kwamba mtoto ana malaria ya kawaida na atakufa kwa kungojeshwa. Ya pili ni kwamba Ndila anasema kweli. Waswahili walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na yeye ndiye aliyelisema. Aliukumbuka ulaini wa sauti yake jioni ile. Alikumbuka, na hili halikumtoka tena maishani, jinsi alivyofurahia alipoona nywele za watu zinasimama.

Alikimbia hadi dukani. Yakub alimsikiliza, akavua kofia, akaiweka kaunta.

"Mama, betri iko Emali," alisema. "Na hata ingekuwepo, mchezo ni Jumamosi. Hapa leo una sanduku na kioo tu."

"Basi watatazama sanduku," Mbinya akasema. "Niitie wale wote waliokuwepo. Kila mmoja."

Saa kumi alasiri walikuwa wamekuja. Waliketi kila mtu mahali pake pa Jumamosi, bila kuambiwa, na hilo peke yake lilitisha. Shemasi Mulei alisimama akasema kanisa haliwezi kuunga mkono jambo kama hili. Mzee Nzomo akamwambia, "Kaa chini, Shemasi. Kama ulikuwepo wakati wa kufunga, utakuwepo wakati wa kufungua." Akakaa. Ndila aliingia mwisho, mtoto mgongoni amefungwa kwa leso, kichwa kinalala huku na kinaanguka kule. Pumzi zake zilisikika duka zima.

Mbinya alisimama mahali pake, kando ya televisheni. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani yake lilionekana duka lenyewe, dogo: rafu za sabuni, mtungi wa mafuta, vichwa vya watu, na pembeni mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa. Hakuwahi kujiona mle ndani. Kioo kikiwaka huwa hakina nafasi yako.

Alifungua mdomo, na kwa desturi tu akangoja. Alikuwa akingoja Kiingereza. Maisha yake yote maneno yalitangulia kwa mtu mwingine, na yeye akayapokea na kuyapitisha; yakiwa mabaya, hakuyaanzisha yeye. Sasa hakuna kilichokuja. Kioo kilinyamaza. Alielewa kwamba kitakachosemwa leo hakina mwenyewe mwingine ila yeye.

"Jua limetua," alianza.  "Mtoto yuko kitandani. Majani yanatikisika dirishani."

Muthoki wa mandazi alianza kulia kimya kimya.

"Mimi ndimi Sauti," Mbinya akaendelea. "Nimetoka mbali. Nilikuja nyumba hii nikaita mtoto. Nilikosea. Sikumtaka mtoto. Namwachilia, na kule kuitika kwake nakurudisha, sikuchukui. Mtoto huyu si wangu. Ni wa mama yake."

Watu walivuta pumzi. Lakini hakuna aliyesimama, maana wote walikuwa watazamaji wazuri na walijua kanuni za mchezo ule kuliko waliouandika. Sauti haikuwahi kuondoka mikono mitupu. Mbinya aliwaona kwenye kioo wakimtazama mgongo.

Mzee Nzomo ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza jina la stesheni. "Na uliyemtaka ni nani?"

Hapo kila mtu alikiogopea kichwa chake. Shemasi Mulei alijishusha kitini. Yakub alikuwa ameshika tasbihi, midomo inacheza. Mbinya angeweza kutaja jina la kizungu, jina la mtu asiyekuwepo, lakini alikuwa akimtazama Ndila kwenye kioo na alijua Ndila asingekubali. Na kile kichwa kidogo kilikuwa kinaanguka tena.

"Mbinya," akaita. Aliita kama alivyomwita mtoto, kwa ulaini ule ule, bila kupunguza. "Mbinya. Mbinya wangu, njoo."

Halafu akageuka, akawatazama wote, na kwa sauti yake mwenyewe ya kila siku akaitika.

"Eee. Niko hapa."

 Nje lori lilibadilisha gia kupanda kuelekea Nairobi. Yakub alisema, "Lakini mama, kwa nini umejitaja mwenyewe?" Akamjibu, "Sina mtoto, sina mjukuu. Jina hili hakuna atakayelibeba nikienda. Hata likichukuliwa halimpunguzii mtu."  Ndila alikaza fundo la leso kifuani, akatoka mbio hadi barabarani, na Yakub akamkimbilia kumsimamishia lori.

Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Kasyoka alilala hospitali siku tisa, akarudi amekonda kama fito, akaomba uji. Ukiuliza watu wa Sultan Hamud ni dawa au ni neno lililomponya, utapata duka lililogawanyika katikati, kama Jumamosi zote.

Na Jumamosi iliyofuata walijaa kuliko kawaida, betri imerudi, kutaka kuona mambo yaliishaje. Mbinya hakwenda. Saa kumi na mbili alijifungia ndani, akasukuma cherehani mlangoni. Wakatazama bila mkalimani, na mpaka leo hawajakubaliana walichokiona: wengine wanasema mtoto wa kizungu aliitika, wengine wanasema alikuwa akipiga chafya. Mzee Nzomo alitoa maoni kwamba ile ya Alhamisi ilikuwa nzuri zaidi. Waliandika hata barua kwenda kituo cha televisheni, imetiwa sahihi na watu kumi na mmoja, kusema kwamba mchezo unapendwa sana hapa ila wasimamizi wasiruhusu watoto kuitwa kwa majina. Mulei alikataa kutia sahihi, lakini ndiye aliyesahihisha herufi. Jibu halikuja.

Mbinya aliacha kutafsiri, dukani na kanisani. Mchungaji alimfuata mara tatu. "Mdomo hii niliitoa," alimwambia. "Siwezi kupanda nayo madhabahuni." Wakamrudia yule mzee mpenda kufupisha.

Tangu hapo aliishi akisikiliza. Alikuwa akishona, mguu unasimama wenyewe juu ya kanyagio, anatega sikio. Njaa ya mwaka wa themanini na nne ilipokuja, na mahindi ya manjano yakaletwa kwa lori, karani alisimama upande wa pili wa gari akisoma majina. Lake lilisomwa mara tatu. Alilisikia. Alikuwa na njaa ya siku mbili, na meno yake yaliuma kwa hamu ya kuitika, lakini hakumwona anayesoma, na mpaka azunguke lori fungu lake lilikuwa limepewa mwingine. Watu walimwita mjinga. Alikwenda nyumbani akachemsha majani.

Kilichomuuma zaidi ya hofu ni Ndila. Hakumchukia, hapana, ilikuwa vibaya kuliko chuki. Ndila alimwogopa. Alibadilisha saa ya kuchota maji, akahamia benchi la upande mwingine, na jina la Mbinya halikutoka tena kinywani mwake. Akilazimika kumtaja alisema "yule wa nyuma ya reli". Mbinya alielewa. Mtu aliyejitaja mbele ya kitu kile, ni nani angelipaza jina lake? Kasyoka alikua, akaenda shule, akaolewa Emali, na Mbinya aliyasikia hayo yote kutoka kwa Muthoki.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa tisini na tisa. Jua la mchana lilikuwa limewafukuza hata kuku. Mbinya alikuwa ndani, nywele zimeshaingia mvi, anatunga uzi kwenye sindano na kuukosa tundu, aliposikia anaitwa.

"Mbinya!"

Uzi ukaanguka. Hakuna aliyemwita hivyo tena, jina tupu. Kwa wote alikuwa mama mkalimani au nyanya. Na sauti ile aliijua. Ilikuwa sauti ya Ndila, ya Ndila wa zamani wa njia ya maji, yenye upendo, ambayo hajaisikia ikitamka jina hilo kwa miaka kumi na minane. Ndivyo kilivyokuwa kikiita. Siku zote kiliita kwa sauti ya mtu unayemjua.

"Mbinya! Mbinya, wapi wewe?"

Alijibana ukutani.  Alijiambia imekuja, imekuja mchana kweupe, na akauma kidole asitoe sauti. Ikipita, imepita. Nyamaza tu. Nyamaza.

"Eee!" mtoto akaitika.

Alikuwa karibu kabisa, ndani ya ua, chini ya dirisha: sauti ndogo, yenye adabu, ya mtoto aliyeitwa na mkubwa. Mbinya hakukumbuka kufungua mlango. Alijikuta nje, miguu mitupu kwenye mchanga wa moto, anapiga kelele.

"Si huyo! Huyo mtoto ni makosa! Ni mimi! Ni mimi umeita, niko hapa!"

Alimnyakua mtoto, msichana wa miaka miwili hivi, akamkumbatia kifuani, akaupa ua mgongo ili chochote kitakachokuja kimpate yeye kwanza. Alingoja. Mtoto alinuka maziwa na vumbi. Hakuna kilichokuja. Alipogeuza uso alimwona Ndila kwenye mwanya wa minyaa, amezeeka, ameshika kikapu, mdomo wazi. Na nyuma yake mwanamke kijana mrefu ambaye Mbinya alimtambua kwa tabasamu.

"Nilikuwa naita mtoto," Ndila alisema.

"Mtoto gani?"

"Si ni huyo huyo umeshika? Ametutoroka pale relini. Huyo ni Mbinya. Mbinya wa Kasyoka."

Mbinya alimtazama mtoto, akamtazama Ndila. Wote wawili walijua desturi, hakuna haja ya kuelezana: msichana wa kwanza hubeba jina la mama ya baba yake, na wa pili ni zamu ya mama ya mama. "Huyu ni wa ngapi?" akauliza.

"Wa pili," Kasyoka akajibu.

"Zamu ilikuwa yangu," Ndila alisema. Aliweka kikapu chini, kisha akakiinua tena, hajui la kukifanyia. "Nikamwambia apatie yako. Halafu nikakaa miaka mbili naogopa kuja. Leo nimeita hiyo jina kutoka steji mpaka hapa, njia yote, na nguvu, nione kama kuna kitu itatokea. Hakuna kitu imetokea, Mbinya."

Mbinya aliketi pale pale mchangani, mtoto mapajani, akalia kama alivyokuwa akiwalilia wahubiri zamani, ila safari hii kilio kilikuwa chake. Mtoto alimpapasa mashavu yaliyolowa, akashangaa, akajilamba kidole.

Walikaa mpaka jua likapoa. Kasyoka alipika chai. Ndila alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kuni, mahali asipoonekana, na baada ya kitambo akaita kutoka huko, "Mbinya! Njoo nisaidie kubeba."

Wakaitika wawili. Mwitiko wa mkubwa ulichelewa kidogo.